Waliikata Sauti Yako, Mayu

Mbagala, Dar es Salaam

Kwako Mayu, mama yangu,

Mwangaluka. Goti linasemaje baada ya palizi? Ng'ombe wanapata maji karibu, au bado kaka Masanja anawapeleka mbali? Mimi mwili mzima. Moyo ndio unaochemka. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nataka Masanja akusomee haya polepole, na jirani yetu Nkwimba awe amekaa hapo hapo anasikia.

Nilipokuja wakati wa mavuno nilikuwekea simu karibu na mdomo huku unachambua pamba. Nilikwambia ni ya kazi yangu, basi. Ukweli ni kwamba nilikuwa naanzisha podikasti, yaani kipindi kama cha redio, ila mtu anakifungua kwenye simu saa anayotaka. Huku mjini kila mtu anaizungumzia pamba isipokuwa anayeilima. Nilitaka kijiji chetu cha Sapiwi kisikike chenyewe. Bwana Deo, mwenye studio nilikokuwa nafanya kazi ya mapokezi, alikubali nitengeneze kipindi changu pale kila Jumapili.

Wewe ulisema hivi, nimesikiliza mpaka nimekariri: "Ile dawa mwaka wa kwanza iliua wadudu, pamba ikapendeza. Mwaka wa pili tumepuliza mara nne, funza wanakula vitumba tu. Na Nkwimba imemuunguza macho, maana aliyemuuzia hakumwambia ajikinge."

Deo aliikuta rekodi kwenye kompyuta ya studio, akachukua sentensi ya kwanza, zilizobaki akazitupa. Akaweka muziki chini yake, akawapa wauza dawa iwe tangazo. Mimi sina habari, mpaka Masanja aliponipigia.

"Kabula, umefanya nini? Gari la matangazo limepita gulioni, sauti ya mayu inasifia dawa! Watu wanasema amenunuliwa. Nkwimba hamsalimii tena."

Wewe uliyemwosha Nkwimba macho, ukamshika mkono siku zote zile akienda chooni, leo uonekane unasifia kilichomuumiza! Nilimfuata Deo ofisini kwake bila kubisha hodi.

"Usikuze mambo," akaniambia, macho kwenye kompyuta. "Ni sekunde chache tu. Hakuna neno hata moja pale ambalo mama yako hakulisema."

"Na yale uliyoyatupa, nani aliyasema?"

Akacheka. "Kabula, nani angemsikiliza bibi wa Sapiwi kama sisi tusingempamba?"

Kupambwa! Mtu anakukata ulimi nusu halafu anataka ashukuriwe! Nilimwambia mama yangu si pambo la mtu, nikaweka funguo za mapokezi mezani kwake, nikaondoka. Sijarudi. Usihofu, fundi cherehani mmoja hapa mtaani amenipokea, namshonea vifungo huku natafuta kazi nyingine.

Kesho yake nilikwenda hadi ofisi ya wauza dawa. Mlinzi alinizuia, nikakaa getini mpaka mama mmoja wa pale akatoka kuniuliza shida yangu. Nikamwekea rekodi yako yote, ninayo kwenye simu. Alisikiliza amesimama. Mwisho akasema, "Sisi tuliambiwa mmekubaliana." Siku ile ile tangazo likaondolewa, na Masanja ameniambia lile gari halijapita tena. Lakini hakuna aliyekuja kukuomba radhi, wala Deo, wala wao. Hilo linanichoma mpaka leo.

Rafiki zangu wananiambia, "Itoe rekodi nzima sasa hivi, watu wana hasira, itasambaa." Podikasti yangu naiendeleza chumbani, nimeegemeza godoro dirishani kuzuia kelele. Ningeweza kuitoa leo. Sijaitoa. Nikitulia naona kwamba Deo alikuwa mwizi wa pili. Wa kwanza kuichukua sauti yako bila kukueleza inakokwenda ni mimi. Nisamehe, mayu. Na Nkwimba anisamehe, maana macho yake nayo yamo mle.

Kwa hiyo kaeni wawili. Mkisema itoke, itatoka yote, haitapunguzwa hata kikohozi, na majina yenu mbele. Mkisema nifute, nitafuta, sitawauliza sababu.

Msalimie shangazi pale Ipililo, na mke wa Masanja anayekaribia kujifungua, aache kubeba ndoo. Mwalimu wa kwaya mwambie naimba bado.

Ni mimi mwanao, ambaye safari hii anauliza kwanza,

Kabula