Golikipa Aliyeganda

Ijumaa, 13 Juni

Nimechaji betri. Nimefuta vumbi kwenye lenzi. Kamera ya bosi bado sijaizoea. Yangu ya zamani, ukichungulia tunduni unaona uwanja wenyewe kupitia vioo. Ukibonyeza, giza kidogo, kisha mpira unarudi. Hii mpya, tunduni kuna skrini. Hakuna giza. Bosi anasema kwa mpira wa miguu ndiyo yenyewe. Siiamini. Jana mazoezini iliganda. Kesho mechi Songwa. Shemeji Masanja, mume wa dada Kabula, anadaka.

Jumamosi, 14 Juni



Kipindi cha pili, kona. Kamera yangu iko kwa Masanja. Karuka, kaupangua mpira, katua, kasimama. Wengine wakaukimbilia mpira. Yeye palepale, macho wazi. Nikajua skrini imeganda tena. Nikaitikisa. Nikabonyeza. Bado kasimama. Nikatoa jicho tunduni ili niizime na kuiwasha.

Uwanjani pia alikuwa amesimama vilevile.

Halafu akaanguka kifudifudi, bila kutanguliza mikono. Kidole changu kikabonyeza chenyewe.

Kabula alinipita mbio, pekupeku. Muuguzi wa timu akamgeuza, akaanza kumkandamiza kifua. Uwanja mzima kimya. Sijawahi kusikia uwanja kimya.

Alipumua kabla gari la wagonjwa halijafika. Yuko hospitali. Sijala.

Jumapili, 15 Juni

Ni moyo. Daktari anasema ni hitilafu ya kuzaliwa. Mtu anayeendesha baiskeli kutoka Didia hadi mjini bila kuhema. Hili haliniingii akilini.

Bosi kapiga simu. Anataka picha ya kuanguka. Nimesema hadi Masanja mwenyewe aruhusu. Akakata.

Nimezitazama picha zote. Ya kuanguka hainitishi. Zinazonitisha ni za kabla yake. Zote zinafanana.

Jumatano, 18 Juni

Nimerudisha kamera, kadi nimebaki nayo. Bosi kauliza kama ni mbovu. Nimesema si mbovu. Sikuweza kueleza zaidi.

Jumamosi, 28 Juni

Masanja karudi nyumbani. Kakonda. Hatadaka tena.

Akaomba kuona picha. Kabula akamwambia mumewe, "Baba Nkwimba, ziache." Hakuacha. Akashika simu yangu, nilikozihamishia, akaitazama moja muda mrefu, ile aliyosimama.

"Hapa nilikuwa namsikia Kabula akiniita," akasema. "Nikashindwa kugeuka."

Kabula akakaa chini pembeni yake. Nikazifuta zote, za simuni na za kwenye kadi. Tukala michembe ya viazi vitamu na karanga.