Milima ya Molo Ndani ya Mchoro wa Kichina

Mama mpendwa,

Natumaini kifua hakikusumbui tena. Hapa Doha joto linapanda hadi kwenye soli za viatu.

Jana nilikuwa zamuni kwenye jumba la makumbusho, nikilinda mchoro wa kale wa Kichina, karatasi ndefu iliyokunjuliwa ndani ya kioo. Ni milima, ukungu, na kinjia kinachopanda hadi kwenye nyumba ndogo. Nikaona kwetu Molo kabisa, asubuhi tulipokuwa tukichuma maua ya pareto, kabla ya vurugu za uchaguzi kutufukuza.

Mgeni mmoja, mama wa Kichina, akaniona nimeduwaa. Akanieleza kwamba mchoraji alikimbia kwao utawala ulipopinduliwa, akaichora milima hiyo akiwa ugenini.

"Alirudi?" nikamuuliza.

"Hapana. Alizeeka akiichora tu."

Mama, uliponiuliza kwenye simu kama urudi shambani Molo, kwa woga niligeuza mazungumzo. Sasa nakujibu: rudi. Mwambie shangazi mwende pamoja, mpande viazi mvua ikianza. Nikipata likizo sitashukia Nakuru kwenye hiyo nyumba unayopanga. Nitakuja moja kwa moja huko juu, tujenge jiko kwanza.

Nakukumbatia kwa nguvu zote.
Mwanao, Njoroge