Yule Asiyefunga Bao

Jumatano jioni.

Halima mjukuu wangu, andika vile ninasema, hata kama ni wewe ninakusema.

Halima anachagua wachezaji wa hoki ya barafu kwa mchezo wa simu, wakifunga bao anapata pointi. Leo amemtoa mmoja, akaniambia mimi bibi yake: "Akko, huyo huwekwa tu amzuie mkali wa wale wengine. Hafungi. Ni hasara."

Hiyo neno imenichoma. Marehemu mzee wangu alicheza hoki huko Kiwanjani, na kila mara alipewa mkali wa wale wengine amzuie. Bao hana hata moja. Anarudi miguu imefura, namkanda na mafuta ya kondoo, anacheka: "Mama Abdi, leo hakupita!"

Nikasema amrudishe.

"Tutashindwa, Akko!"

Tushindwe. Kesho usiniambie mabao. Niambie kama yule mkali alipita.