Neno "Msaada" Nililowaandikia Wanawake wa Vichanjani

Pasiansi, Mwanza

Mama yangu,

Shikamoo. Naamini mgongo umekuachia kidogo na unaweza kuinama. Bibi je, bado anaikataa miwani? Mimi hapa kwa Mjomba ni mzima. Nakula vizuri, na nikitoka shule naenda Igoma kwa Kaka Masalu, yule fundi wa kompyuta anayenifundisha. Nimeandika kwa kalamu makusudi. Kwenye simu huwa nanyamaza, nawe unaanza, "Haloo, haloo, mtandao umekata," na mimi nakuacha uamini hivyo.

Haukuwa mtandao, Mama. Ni mimi.

Ule ujumbe uliowafanya wenzako wakuvue ukatibu wa kikundi chenu cha waanika dagaa, niliukosea.

Ile programu niliyowatengenezea, inayoonyesha zamu ya kuanika kwenye kichanja ni ya nani na dagaa wa nani wamekauka, ili wanunuzi wa mjini waone kabla hawajaja, sikuijenga kwa mikono mitupu. Nilitumia zana za bure za kutengenezea programu, za watu wa mbali, kama mtu anayejenga kwa tofali alizozikuta zimeshafyatuliwa. Sasa wenye zana wametangaza, kwa Kiingereza, kwamba wanaziacha. Kwenye jukwaa la mtandaoni wanakokutana wanaozitumia pakawa na wasiwasi mtupu. Mmoja alisema kazi zake zote zimesimama juu ya zana hizo, leo aanze upya na nini? Mwingine akauliza, tundu la kupitia wezi wa mtandaoni likionekana nani ataliziba? Nilisoma yote, sikuuliza lolote. Unanijua, hata darasani mkono wangu huishia sikioni.

Badala ya kuuliza, nikaogopa, nikawaandikia ninyi: "Zana za programu yetu hazitakuwa na msaada tena kuanzia mwakani. Jiandaeni." Tangazo lilisema "support". Shuleni support ni msaada, ningepata vema. Lakini huko vichanjani msaada ni kitu kinachokuja na gari lenye nembo mlangoni.

Mama Mwenyekiti alipompigia Mjomba, simu ilikuwa kwenye spika, mimi naosha vyombo.

"Kumbe kulikuwa na msaada," akasema. "Sisi hata chandarua hatujaona. Dada yako kaukalia."

Mjomba akacheka. "Dada yangu akalie msaada, na chumvi anaazima kwako?"

"Mwanae kaandika mwenyewe. Tumemuuliza mama mtu, katujibu, 'Daftari la zamu hili hapa, chukueni.' Asiye na kosa anajibu hivyo?"

Simu ilipokatika Mjomba akanigeukia. "Nyangeta, msaada gani huo?"

Nikasema, "Sijui, Mjomba."

Nilijua. Aliposema chandarua tu, nilijua. Zimepita Jumapili mbili, na kila ukipiga unaniuliza kama nimekula, hunitajii daftari. Ungenigombeza ningepumua.

Juzi nikamwonyesha Kaka Masalu ule ujumbe. Akausoma mara mbili. "Ungesema hazifanyiwi tena matengenezo," akasema. "Ni kama pikipiki ambayo kiwanda kimeacha kutoa spea. Si inatembea? Inatembea. Siku ikigoma ndiyo utamtafuta fundi." Kisha akaniangalia. "Na fundi wao ni wewe. Mbona umejificha?"

Nikarudi kwenye jukwaa, nikauliza swali langu la kwanza. Mistari miwili tu, niliiandika mchana mzima. Mtu nisiyemjua akanijibu kwa upole kwamba programu yetu haitazimika, na kwamba wenzake kadhaa wamechukua nakala ya zana hizo waendelee kuzitengeneza wenyewe. Watadumu hadi lini, naye hajui. Kwa hiyo nitaihamisha pole pole kwenye zana nyingine, na zamu zitaendelea kuonekana kama kawaida. Hilo nitaliweza. La kwako ndilo linaloninyima raha, kwa sababu ulibeba neno langu ukiwa hulielewi, na hukunisukumia.

Mjomba nimeshamweleza. Hakunigombeza, alisema tu, "Usinitume mimi. Kaseme wewe." Basi Jumamosi nakuja. Najua ndiyo siku ya kikao. Nitawaambia kwamba msaada haukuwahi kuwepo, hapakuwa na mtu wa kuukalia, na neno lilikuwa langu. Daftari wakikurudishia au wasikurudishie, wataamua wao, ila wasikie.

Nisalimie Bibi, mwambie miwani haiumi. Msalimie Magesa mdogo wangu, aache kuchezea betri ya redio. Na Mama Mwenyekiti mpe shikamoo yangu, kwa kweli kabisa, simchukii. Alisoma nilichoandika.

Ombi langu ni moja, Mama. Siku ile kanisani niliposahau mstari, uliinuka ukaumalizia. Jumamosi usiinuke. Nikinyamaza mbele yao, usiwaambie mtandao umekata. Nisubiri.

Ni mimi mwanao, niliyekukosea,
Nyangeta