Yai Lililoelea Kisimani kwa Mama

Nonouti,
Jumapili, 9 Machi

Kwa kaka yangu Tebano,

Mauri, kaka. Naomba barua hii ikukute mzima huko melini, na lile bega lako liwe limepona, au angalau uwe umeacha kulilalamikia, maana kwako hayo mawili hayapishani sana. Mimi ni mzima, nafundisha, nakula. Watoto wangu wa sayansi wananizeesha kabla ya wakati. Mama yuko hapa kwangu tangu mwisho wa Novemba, kama ulivyotaka, na ni hali yake iliyonifanya nishike kalamu badala ya kwenda kwenye simu ya ofisi ya kisiwa, ambako kila neno husikilizwa na watu sita na kurudiwa na sitini. Keti chini, Tebano. Barua ni ndefu, na tafadhali usiruke mistari kama ulivyozoea.

Unakumbuka uliponipigia Septemba. Ulisema umeona kwenye picha jinsi bahari inavyokula ufuko wa kule nchani mwa kisiwa, kwa mama, na ukanifanyia bubuti: nimtoe mama kabla ya bamvua ya Februari. Mimi nikanyamaza, ukadhani laini imekatika. Haikukatika. Ombi la ndugu likiwa bubuti halikataliwi, hilo tumelinyonya pamoja na maziwa, lakini hukujua kwamba mama alikuwa amekutangulia. Wiki tuliyomzika baba alinishika mkono palepale kaburini akanifanyia bubuti yake: nisije nikamwomba kamwe kuhama pale. Nikamkubalia, ningefanyaje? Kwa hiyo ukanikuta nimefungwa huku, ukanifunga na kule. Nimtoe, na nisimwombe atoke.

Na kutoka mwenyewe hakutaka hata kusikia. Alisema baba bado anakuja kunywa maji kisimani. Kila siku maji yanashuka bila mtu kuchota, kisha yanapanda tena, na yeye amekaa hapo hapo anasuka mkeka wake na kifuniko cha bati kiko mahali pake. Alikuwa akimtania, ati leo mzee umekunywa mno, una safari ya wapi? Siku ya kwanza nilicheka. Siku ya pili nikakaa naye. Ilikuwa saa sita mchana, hakuna upepo, hakuna jani linalocheza, na kaburi la baba liko hatua nne kutoka pale. Nikainua kifuniko, nikaona maji yakishuka yenyewe kwenye lile jiwe la ukutani mwa kisima, polepole, kama mtu anayavuta kwa mrija. Nywele zilinisimama, Tebano, na mimi ndiye mwalimu wa sayansi.

Nikafanya kile ninacholipwa kufanya. Nikawapeleka watoto wote thelathini na mmoja, nusu yao ufukoni, nusu kisimani, kila kundi na fimbo, kipande cha mkaa na saa. Jumamosi tatu mfululizo wakaandika. Hesabu zikatoka safi: bahari ikijaa, baada ya saa mbili na nusu kisima nacho kinapanda, bahari ikipwa, nacho kinafuata. Nikawaeleza kwamba chini yetu hakuna mto wala chemchemi. Kuna maji ya mvua yaliyozama kwenye matumbawe na kukaa juu ya maji ya bahari, kwa sababu maji matamu ni mepesi na ya chumvi ni mazito. Bahari ikijaa inayainua, basi. Nikatia yai bichi kwenye bakuli la maji matamu, likazama. Nikaongeza chumvi kijiko baada ya kijiko, nikikoroga, mpaka yai likainuka lenyewe kutoka chini, na watoto wakapiga kelele kama wamemwona mfu akifufuka. Nikawaambia pia kwamba jaribio hurudiwa mara tatu, na mtu asiandike asichokiona. Mama alisikiliza yote akiwa na mkeka wake magotini. Akanishukuru kwa heshima zote, akasema sasa amejua baba anakuja na usafiri gani.

Ikafika wiki ya mwisho ya Novemba. Nikawatangazia watoto kwamba tutapima visima vya kijiji, tuone kama bahari imeanza kupenya. Tulipima visima tisa, yai likazama kila mahali. Cha mama kilikuwa cha kumi na cha mwisho, jua likiwa utosini. Katekista Ioteba alikuwa amefuatana nasi, maana yule mzee hapitwi na jambo. Nikachota ndoo, nikatia yai. Likaelea. Lilisimama juu ya maji, ncha ile butu ikichungulia, likageuka kidogo, likatulia.

Mama akaja, akalitazama yai, akanitazama mimi kwa muda mrefu. Akachota kwa kifuu, akanywa, akasema ni chumvi. Ioteba naye akanywa, akatema, akafanya ishara ya msalaba. Watoto wakaonja mmoja mmoja, na kila mmoja uso ukakunjamana, yule mdogo kuliko wote akaanza kulia. Nami nikaonja, nikasema ni chumvi. Teewa tu, yule msichana anayeandika kwa mkono wa kushoto, hakuonja. Alinyoosha mkono akauliza mbona tusijaribu na yai jingine, kwani mwalimu si ulisema mara tatu? Nikamwambia afunge mdomo wake, ana maswali kama kuku ana viroboto. Wenzake wakamcheka. Tangu siku hiyo hajanyoosha mkono tena darasani kwangu.

Alasiri ileile mama akafungasha. Mkeka, sufuria, picha ya baba. Hakulia, na kaburini hakusimama hata kuaga. Mimi nikabeba furushi nyuma yake nikijiambia kwamba nimelimaliza jambo lako na la mama sijalivunja. Nilijisifu, Tebano. Nisikufiche.

Bamvua ya Februari ilikuja na kurudi. Iliishia kwenye ile mikadi ya mbele. Mlangoni kwa mama haikufika hata tone.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Siku ya kwanza tu kufika kwangu, mama aliomba maji. Nikamchotea kwenye tangi, maji ya mvua ya juu ya paa, hayajawahi kuiona bahari. Akanywa funda moja akakirudisha kikombe. Chumvi, akasema. Nikacheka, nikidhani ni mzaha wake. Kesho yake hivyohivyo, na kesho kutwa. Akashikilia madafu, na asubuhi na jioni akimwomba mgema kidogo cha tembo tamu. Katikati ya Desemba Ioteba akaja kulalamika kwamba kisima chake kimeharibika. Wiki iliyofuata jirani yake, kisha ng'ambo ya njia, kisha tangi la kanisa. Watu wanachota, wanaonja, wanamwaga. Ukipita mchana kijijini sasa hutasikia maongezi wala redio. Utasikia maji yakimwagwa chini, hapa, kisha kule, kisha nyuma ya nyumba usiyoiona. Na magimbi tunayoyapanda mashimoni, mizizi ikifika majini, yamesimama na majani yake mabichi kabisa, mmea ambao ukionja chumvi wiki moja tu unakuwa njano.

Mwezi uliopita akaletwa muuguzi mpya kutoka Tarawa. Alimfinya mama ngozi ya mkono, ikabaki imesimama. Midomo yake imepasuka, macho yameingia ndani, na juzijuzi aliniita kwa jina la shangazi. Muuguzi akasema madafu hayamtoshi mtu wa umri ule katika joto hili, na asipokunywa maji ya kawaida, tena mengi, Pasaka hataiona. Kisha yeye mwenyewe akajichotea kwenye tangi langu, akanywa kikombe kizima, akachota cha pili. Akaniuliza tuna wazimu gani sisi watu wa huku, maji mazuri namna hii tunayaogopa ya nini. Hakuwa amesikia habari yoyote, na hakuna aliyekuwa amemwambia.

Basi, kaka, hili ndilo lililonifanya niandike. Lile yai lilikuwa viza. Nililiweka juu ya dari ya jiko wiki tano, nikilihesabia siku. Yai likizeeka linaingia hewa ndani, na litaelea hata kwenye maji matamu kuliko yote duniani. Katika visima tisa nilitumia yai bichi. Kwa mama nikaingiza mkono upande wa pili wa kikapu. Maji yalikuwa mazuri. Niliyaonja mbele ya watoto wangu, yakawa matamu kama siku zote, nikasema ni chumvi. Na mtu angefikiri kidogo tu angeniumbua, maana hata bahari yenyewe haiwezi kulinyanyua vizuri yai bichi. Hakufikiri mtu, isipokuwa mtoto mmoja, na huyo nikamfunga mdomo.

Alhamisi sikuweza tena. Nikaweka bakuli mbele ya mama, nikajaza maji ya tangi, nikatia yai bichi, likazama. Nikatia viza, likaelea pembeni yake. Nikamwambia yote, la bubuti yako na la yai langu, nikiwa nimepiga magoti na machozi yananitoka. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipangusa uso kwa ncha ya kitambaa chake. Akasema mimi ni mjinga, alifuga kuku kabla sijazaliwa, yai viza analijua hata likiwa bado mkononi. Akasema aliponitazama siku ile alimwona Ruteta wake, asiyewahi kudanganya hata alipovunja chungu cha bibi, amesimama mbele ya wanafunzi anadanganya, akajua kwamba hofu yangu ni kubwa kuliko alivyodhani. Ndiyo maana aliondoka. Si kwa ajili ya yai, ni kwa ajili yangu. Na funda la kwanza kisimani lilikuwa tamu, akasema. Alitamka chumvi ili Ioteba na watoto wasiniaibishe. Kisha akanywa funda la pili, na hilo lilikuwa chumvi kweli.

Nikamsihi aonje tena, kwa kuwa sasa ukweli umekwisha semwa. Alinywa, akatikisa kichwa kwa upole, akanipa kikombe nami ninywe.

Tebano, ni chumvi. Niliyatema kwenye mkeka. Nikatia yai bichi ndani ya kikombe kilekile, likazama hadi chini. Nikarudia mara ya pili, na ya tatu. Ijumaa nikasimama mbele ya darasa nikaungama kila kitu, nikamwomba Teewa radhi mbele ya wenzake, nikawaonyesha mayai yote mawili. Wakaelewa vizuri kabisa, hata wale wa nyuma. Kisha nikapitisha kikombe, na watoto thelathini wakasema kwa adabu kwamba yai lilikuwa viza, sawa mwalimu, lakini maji ni chumvi. Teewa akaonja wa mwisho. Alikaa na maji kinywani muda mrefu, akameza, akaanza kulia, na hakutaka kuniambia kwa nini.

Barua hii nimeiandika mara mbili. Ya kwanza ilikuwa na mistari minne: njoo nyumbani mapema, mama amekukumbuka. Ungekuja bila kujua lolote, ungefika na kiu yako, ungekunywa kikombe mbele yake na kusema maji matamu haya, na mama angekuamini wewe mzaliwa wake wa kwanza kuliko muuguzi na mayai yangu yote. Angekunywa. Niliikunja hata nikaandika anwani. Kisha nikaona ni viza jingine nakutilia kikapuni, nikaichana. Sijui kama nimefanya haki au nimemuua mama kwa ajili ya roho yangu iwe safi. Ulimi wako ndio pekee uliokuwa umebaki kwetu bila kuisikia habari hii ya chumvi, na sasa nimekwambia.

Mama anakusalimu sana, anasema usibebe mizigo mizito kwa lile bega. Ioteba anakusalimu, na watu wote wa nyumbani. Ukimaliza kusoma, nenda ukajimiminie glasi moja ya maji huko huko melini, unywe, na uniandikie kwa ndege ya kwanza umeonja nini.

Ni mimi dada yako anayekupenda,
Ruteta