Muguu wa nyuma wa Masika

Papa Masika,

Nakuandikia juu ya miguu ya mutoto wako, binti yetu. Nimekosa mutu mwingine wa kuuliza, na jambo hili linanizunguka kichwani tangu mvua ilipoanza.

Masika anafanya boksi, ule muchezo wa ngumi. Usishituke. Tangu tukuzike alikuwa anakaa tu ndani, haongei. Bunduki zikalia, zikanyamaza, muji ukabadilisha wakubwa, yeye anaangalia ukuta. Kisha binti wa jirani akamupeleka Katoyi, kwenye kiwanja ambapo vijana wanafunga vitambaa mikononi na kupigana kwa utaratibu. Akarudi na jasho, akaomba chakula. Mara ya pili akaomba kuongezewa. Nikasema basi, wamupige tu, mradi anakula.

Sasa antreneri wao, yule anayewafundisha, mwanaume mufupi mwenye sauti ya kuuza samaki, akataka kumubadilisha namna ya kusimama. Masika anaweka muguu wa kuume mbele na wa kushoto nyuma yake kabisa, kwenye musitari mumoja, kama mutu anayepita juu ya ukuta. Antreneri akimugusa begani, mutoto chini. Anamuambia apanue miguu, Masika hataki. Siku moja akamuambia mbele ya wote: "Mama mukubwa, unapigana ao unangoja pikipiki?" Wakacheka. Masika akafungua vitambaa vyake, akarudi nyumbani, akasema haendi tena. "Papa njo alinionyesha kusimama hivi."

Hapo nikashangaa. Wewe? Wewe uliyekuwa unavuka barabara ukiona watu wanagombana? Ulimufundisha boksi wapi? Nikaogopa pia, maana sahani ilianza kurudi imejaa. Nikamuita nyuma ya jiko, pale kwenye mawe ya volkano, nikamuambia: simama vile papa alikuonyesha. Akasimama. Akanyoosha mikono mbele kama anashika kitu, akaegemea nyuma kidogo, kama kuna mutu pale.

Papa Masika, nilikaa chini.

Ilikuwa chukudu yako, ile baisikeli yako ya mbao ya kusukumia mizigo. Ilikuwa siku ile mulima wa moto ulipasuka, sisi wote tukakimbilia njia ya Sake, godoro limefungwa nyuma, wewe unasukuma, na yeye mudogo amesimama juu ya ubao kati ya mikono yako. Njia yote unamuambia: "Muguu mumoja mbele, mumoja nyuma. Usiutoe kwenye ubao." Ubao ule mwembamba. Hakuutoa. Miaka yote hii alikuwa hajautoa.

Nikaenda kwa antreneri kumuomba amuachie mutoto namna ya babake. Nikamueleza yote. Hakucheka. Akauliza ubao ulikuwa na upana gani, nikamuonyesha kwa mikono. Akauchora chini kwa kipande cha mukaa, akapanda juu yake mwenyewe, akasema: "Mama, nisukume." Nikamusukuma kwa woga. Mwanaume muzima akayumba mpaka ukutani. Akarudi, akatoa muguu wa nyuma nje ya musitari, akasema tena. Safari hii nilisukuma kwa nguvu za kubeba gunia la maharagi. Hakutikisika.

"Ule wa mbele abaki nao," akasema, "utawasumbua wengine, hawajazoea wa kuume mbele. Lakini wa nyuma lazima utoke. Mimi hatanisikia. Muambie wewe, mama."

Nilitembea mpaka nyumbani nikijiuliza: wewe ungemuambia namna gani? Kwa nini sikukuuliza vitu vingi wakati ulikuwa hapa? Mwisho nikasimama nyuma yake, nikapitisha mikono pande zote mbili kama ulivyofanya, nikasema: "Tumefika, Masika. Shuka."

Alilia. Mimi pia. Kisha akasogeza ule muguu, polepole, kama anapima maji. Nikamusukuma kidogo tu. Akasema, "Mama, sukuma kweli."

Nikasukuma kweli. Alibaki amesimama.

Sijui kama utakasirika. Nafikiri hapana, nafikiri ungetaka kuona. Jumamosi anapigana na binti wa mutaa wa Ndosho, wanasema ana mikono mirefu. Nakuahidi nitakwenda. Nitasimama karibu, na hata wakimupiga sitafunika macho, ili niweze kukuambia yote vile yalivyokuwa.

Pumzika, mume wangu.

Mama Masika