Papa, Kisangani Iko Mbali Gani

Bunia, Quartier Lumumba

Papa yangu Gauthier,

Nakusalimia sana, weye na mama. Goti inaendelea aje? Ile dawa nilituma unaipakaka, ao imebaki tu chini ya kitanda? Siye huku Bunia tuko bazima, Mungu asifiwe. Nakuandikia juu kwa telefone unanikataka maneno, na leo lazima nimalize.

Uliuliza Kisangani iko mbali gani siku hizi, juu unataka kuuza camion yetu. Ulisema Félicien, shofere wako, amezeeka, hakuna mwingine wa kuaminia, heri iuzwe mbele ya kuoza mu parcelle, pale kwa kiwanja. Nimesikia. Basi nakujibu.

Kwa ndege, banasema ni saa moja na kidogo. Unakunywa sucré, soda moja tu, unashuka. Siye tulipakia maharagi na basafiri juu yake, tukapita Marabo asubuhi, na tukafika Kisangani kisha siku tisa! Kilomètres ni zilezile za wakati wako, karibu mia saba, lakini mvua imekula njia.

Kufika Mambasa, malaria ikamukamata Félicien. Alitetemeka mpaka kiti nayo ikatetemeka. Mimi na Dady, convoyeur wetu mwenye kusaidia shofere, tukamulaza juu ya magunia. Usiogope, amepona, analalamika sawa siku zote. Najua unajiuliza nani alikamata volani akaendesha. Ngoja.

Mbele ya Nia-Nia tukakuta matope. Yo, papa! Camions zilikuwa mulongo murefu, moja imezama mpaka mulango. Batu bakachimba na bêche, bakakata miti, bakatandika. Yetu ikaingia, ikalala upande kidogo, ikalia, basafiri bakaanza kusali kwa nguvu. Ikatoka. Ikatoka, papa! Ata bashofere ba camions za remorque kubwa bakapiga mikono.

Magaribi bakapika. Weye mwenyewe ulinifundisha sheria ya pale nikiwa mudogo: mu matope, sufuria ya kwanza ni ya bale banakamata volani. Convoyeur anangoja, musafiri anangoja, ata mwenye mali anangoja. Nikakaa zangu na basafiri, mutoto mwenye adabu. Muzee moja wa Bafwasende, mukubwa wa mulongo, akatuma batu banitafute. Akasema sufuria haifunguliwe kama shofere wa maharagi hajanawa mikono.

Papa, nilikula kwa ile sufuria. Sombe, yale majani ya muhogo, na samaki ya chumvi. Machozi ilinitoka, nikasingizia pilipili.

Ndiyo, ni mimi. Kutoka Mambasa mpaka Kisangani, na kurudi mpaka hapa. Félicien alinifundisha tangu mwaka jana, kwa kificho, juu ulisema volani si ya binti. Usimukasirikie, ni mimi nilimusumbua mpaka akachoka kukatala.

Kwa hiyo jibu yangu ni hii: Kisangani iko mbali sana, na mutoto wako anafika. Camion usiiuze.

Siku ya samedi nakuya kwenu Mahagi na muzigo. Ukisikia ile honi yako ya zamani pa kona, usimutafute Félicien kwa volani, atakuwa amekaa fasi ya convoyeur, ananuna. Mwambie mama apike sombe, aweke pilipili mingi. Na sufuria, papa, usiifungue mpaka ninawe mikono.

Salamu kwa bote ba nyumbani. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Binti yako,
Huguette, shofere